Skrini Haikuijua Njia ya Mbooni

Mwende wangu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya saluni hapa Buruburu. Nimechungulia mlangoni nikakuona umeinamisha kichwa, upande mmoja umeshasukwa, upande mwingine nywele zimesimama kama za mtu aliyetishwa, na yule dada anayekusuka akaniambia bila hata kunitazama, "Mathe, enda upumzike, hapa bado sana." Basi nimekuja kupumzika. Nimerudisha kiti nyuma, nimeegemeza karatasi kwenye kitabu chako cha Kijerumani, na sipumziki.

Kesho jioni utakuwa angani. Mambo ya kila siku sitakuandikia. Pasipoti, koti, dawa za kifua, namba ya kupiga ukifika, hayo umeambiwa na kila mtu kwetu Umoja, na mama wa kanisani amerudia habari ya soksi mpaka nikamwonea huruma. Mimi nataka kukuandikia kuhusu gari. Najua utacheka. Utasema, Mama, watu huandikiana habari za Mungu na wanaume, wewe unaniandikia habari za petroli. Lakini mimi nimeishi miaka yote hii nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki, na karibu kila kitu nilichojifunza tangu baba yako atutoke nimejifunzia hapa.

Baba yako alikuwa dereva wa magari ya watu. Unakumbuka mikono yake ilivyonukia sabuni ya kuoshea gari? Aliendesha mabosi tangu ujana wake, magari makubwa yanayokunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika mtoni, halafu jioni anarudi nyumbani kwa miguu kutoka stejini. Alipoagiza hili gari, tena likiwa limeshatumika huko Japani, ilikuwa kana kwamba amepata mtoto wa pili. Haibridi, gari la petroli na betri pamoja. Alilitamka neno hilo polepole, kama jina la mgeni wa heshima. Jumapili ya kwanza alitupeleka mpaka Ruiru na kurudi, bila shughuli yoyote huko, na njia nzima alikuwa anaichungulia ile skrini ndogo.

"Mama Mwende, tazama," akaniambia. "Hili halinywi. Hili linadonoa maji kama kuku."

Muuzaji alikuwa amempa namba, kilomita kadhaa kwa kila lita, na baba yako aliishika namba ile kama ahadi. Akawa anajaza tangi mpaka juu kabisa, anaendesha wiki nzima, anajaza tena, kisha anakaa mezani na kalamu kugawanya. Namba haikufika. Wiki nyingine akajaza upepo kwenye matairi, akagawanya tena. Haikufika. Akazima kiyoyozi, akatoa kwenye buti vile vyuma vyake vyote. Ikasogea kidogo, bado haikufika. Na ilikuwa hivi: skrini ilisema jambo moja, kalamu ikasema jingine lililo chini kidogo, na muuzaji alikuwa amesema la tatu lililo juu ya yote mawili.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Aliyeipima hiyo namba hakai Umoja. Hajui matuta ya hapa, hajui mashimo, hajui kuzunguka mtaa mzima kutafuta mahali pa kuegesha."

Akasema, "Labda ni mguu wangu. Mguu wangu ni mzito, nimezoea magari ya mabosi."

Hakuwahi kujua kama ni mguu. Alianguka kazini, akiwa ameshika kitambaa cha kupangusia kioo, na hakuamka tena. Ulikuwa na miaka tisa.

Baada ya mazishi kila mtu alikuwa na wazo kuhusu gari. Wengine walisema niliuze kwa sababu sijui kuendesha. Wengine walisema betri za magari haya zikifa, gari lote limekufa, na hakuna fundi wa Kariobangi atakayekubali kuligusa. Mimi nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi, sikujua hata kufungua boneti. Lakini kila nilipofungua mlango huu nilisikia ile harufu ya sabuni, na nikaona siwezi kuwapa watu wengine harufu hiyo. Nikaenda kujifunza udereva.

Siku ya kwanza nilipoingia Jogoo Road peke yangu, yaani mimi na wewe, msongamano ulikuwa wa kutisha. Tulisogea, tukasimama, tukasogea. Halafu gari likanyamaza. Injini ikazimika kabisa, hata mtetemo hakuna. Nikafungua mlango nikashuka katikati ya barabara, honi zinalia nyuma yangu, mwanamume mmoja anapiga kelele, "Mama, toa hiyo kitu yako!" na mimi nimesimama mbele ya boneti machozi yananitoka, sijui pa kuanzia.

Ukatoa kichwa dirishani. Ukasema, "Mama, halijafa. Baba alisema likisimama hunyamaza. Rudi ukanyage."

Nilirudi nikakanyaga. Likaenda.

Tangu siku hiyo niliuogopa ule ukimya, Mwende. Katika gari la kawaida injini inakusaidia kutojisikia. Inanguruma, na wewe unakuwa na kitu cha kusikiliza. Hili letu likisimama kwenye msongamano linakuachia masikio yako mwenyewe. Nilisikia pumzi yangu. Nilisikia saa ya mkononi, ile ya baba yako. Kuna jioni nilikuwa nakuchukua shuleni nikakwama karibu na City Stadium, na kwa muda wote huo wa kimya nilikuwa namwambia vitu, kwa sauti, mikono yangu ikiwa kwenye usukani, na dereva wa gari la pembeni ananitazama.

Duka lilipofungwa nikaanza kubeba abiria wanaoita teksi kwa simu. Hapo ndipo nilipolifahamu gari hili vizuri kuliko hata yeye. Niligundua kwamba msongamano, ambao ndio ugonjwa wa magari mengine, ndio afya ya hili. Pale wenzangu wanapochoma petroli wakiwa wamesimama, mimi nilikuwa nimezima injini na kusogea kwa betri tu, hatua kwa hatua, kuanzia mjini mpaka Donholm. Nikikanyaga breki taratibu, mapema, betri inajaa tena. Nikikanyaga kwa ghafla, nimepoteza. Asubuhi za Julai, zile za baridi na mvua nyembamba, safari fupi ya kukupeleka shule ilikula zaidi ya nilivyodhani, kwa sababu injini lazima iwake ipate joto kwanza, na kabla haijapata joto tumeshafika. Na Thika Road ikiwa wazi, watu wakikimbizana, hapo gari linakuwa gari tu kama mengine. Betri haina kazi. Petroli ndiyo inayosukuma.

Abiria huuliza sana gari linakula mafuta kiasi gani. Vijana hasa. "Mathe, hii dinga inakula aje?" Nami siku zote nilijibu, inategemea unaenda wapi, na umebeba nini, na una haraka kiasi gani. Walidhani naficha.

Ikafika wiki moja ambayo kalamu yangu iliipita namba bora ya baba yako. Niligawanya mara mbili kuhakikisha. Nilisimama jikoni na ile karatasi, nikageuka kumwambia, na nyuma yangu kulikuwa na jokofu. Nikaja chumbani kwako nikakwambia wewe. Ukasema, "Ni poa, Mama," ukaendelea na hesabu zako. Hukukosea. Ulikuwa mtoto na ile ilikuwa namba tu. Lakini mimi nikaanza kuifukuza. Abiria waliloa jasho nyuma nikisema kiyoyozi kimeharibika. Nilikuwa naendesha polepole kiasi kwamba waendesha baiskeli walinisalimia. Sikuwa nafukuza petroli, naona sasa. Nilikuwa natafuta jambo la kumpelekea.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Mbooni. Najua unaikumbuka kwa namna yako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na unachokumbuka ni twiga. Ngoja nikusimulie yangu.

Susu, nyanya yako, alikuwa amelala miezi mingi. Mjomba wako Kyalo, mdogo wangu wa pekee, ndiye aliyekuwa naye. Mimi nilikwenda nilipoweza, na niliweza mara chache. Siku hiyo akanipigia kabla ya saa sita mchana. Kyalo hapendi maneno. Alisema, "Mama anakuulizia. Njoo leo."

Tukapakia. Unga, mchele, maji, nguo zako. Na lile godoro, unalikumbuka, godoro jipya la Susu, kwa sababu Kyalo alikuwa amesema la zamani limempa vidonda mgongoni. Tulilifunga juu ya paa kwa kamba, likasimama pale kama kibanda. Tukatoka.

Pale Mlolongo nikapita kituo cha mafuta. Niliitazama skrini. Skrini hii, kama ulivyoiona mara elfu, inakuandikia kilomita zilizobaki kabla tangi halijaisha. Ilikuwa imeandika nyingi kuliko umbali wa kutoka pale hadi nyumbani kwetu Mbooni, na kubakiza. Nikasema moyoni, tutafika. Machakos nikapita kituo kingine. Kufikia hapo namba ilikuwa imeanguka sana, na mimi niliiona ikianguka. Bado ilitosha, lakini kwa shida. Ningeweza kusimama, Mwende. Kituo kilikuwa upande wangu wa barabara, hata kukata kona sikuhitaji. Nilikuwa na haraka ya Susu, ndiyo. Lakini si hilo tu. Nilitaka nifike kule juu na tangi lile lile, ili jioni nikae na kalamu.

Kilichonipata nimekielewa baadaye. Ile skrini haijui unakoenda. Inajua ulikotoka. Inachukua jinsi ulivyotumia mafuta siku zilizopita na kukuahidi kwamba kesho itakuwa vivyo hivyo. Na siku zote zilizopita zilikuwa za Jogoo Road, za kusogea kwa betri na kupumzika. Haikujua mwendo wa kasi wa barabara ya Mombasa. Haikujua kwamba juu ya paa kuna godoro linalopigana na upepo. Haikujua vilima vya Mbooni. Tulipoanza kupanda, injini ilinguruma bila kupumzika, vile vijiti vya betri kwenye skrini vikashuka kimoja baada ya kingine, na taa ya njano ikawaka.

Ukaniuliza, "Mama, hiyo taa ni ya nini?"

Nikasema, "Si kitu."

Tukapanda kona mbili zaidi. Kisha gari likanyamaza. Na mimi, niliyeuogopa ule ukimya miaka mitatu mpaka nikauzoea, nilifurahi. Nilidhani linapumzika. Tulisogea kidogo kwa betri, kimya kabisa, nilisikia ndege msituni. Halafu likakataa.

Lile boma lililokuwa juu ya kona lilikuwa la mzee Nzioka, mchonga vinyago, na mkewe. Walishuka wenyewe kutusaidia kusukuma gari pembeni. Mzee akamtuma jirani mwenye pikipiki akatafute petroli, na jirani akasema pale sokoni petroli ya chupa imeisha, itabidi ashuke mpaka chini kabisa, tusubiri. Mama Nzioka akakuchukua wewe akakupa mahindi ya kuchemsha, akakukalisha katikati ya twiga ambao hawajamalizwa, wengine hawana shingo, wengine hawana miguu. Nilikusikia ukicheka. Jua lilikuwa linashuka.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye kichuguu karibu na ua wa mzee. Nikasimama juu yake nikampigia Kyalo.

"Uko wapi?"

"Niko kwenye kona za juu. Nimeishiwa na mafuta."

"Mafuta? Si ulisema hilo gari halinywi?"

"Kyalo, nakuja. Mtu ameenda kuleta."

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akasema, kwa sauti nyingine, "Ngoja. Mama anataka simu."

Akamshikia simu sikioni. Sauti ya Susu ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. Akaniuliza, "Ndinda, unaona nini hapo ulipo?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia naona bonde, naona moshi wa watu wanaopika, naona mwanamke anateremka na kuni. Akasema, "Hapo ndipo nilipokuwa napumzika nikikupeleka kliniki mgongoni. Ulikuwa mzito. Nilikuwa nakuweka chini na kukuambia, tembea basi, na wewe unanitazama tu." Akacheka, na kicheko kikamgeuka kikohozi. Tulingoja kipite.

Tulizungumza kwa muda ambao sijawahi kuzungumza naye, Mwende, hata nikiwa msichana. Nyumbani kulikuwa na watu daima, shangazi, majirani, ng'ombe. Hapo kulikuwa na mimi na kichuguu. Alinisimulia jinsi alivyolia alipoolewa, akijificha kwenye ghala ili mama mkwe asimwone. Nikamwambia habari za baba yako na ile kalamu. Halafu akaniuliza, "Unalala?"

Tangu baba yako azikwe watu walikuwa wameniuliza kila kitu, kama nimekula, kama nimelipa karo, kama nitaolewa tena. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama nalala. Susu akasema, "Lia basi. Hapo hakuna anayekuona." Nikalia nimesimama, na yeye akasubiri kwenye simu mpaka nikamaliza.

Nilikuita ukamsalimia, ukamweleza habari za twiga wasio na shingo. Akafurahi. Kisha nikamsikia akisema, si kwangu, kama uso umegeukia kando, "Kyalo, mkono wako umechoka. Weka simu chini." Simu ikakatika.

Petroli ilifika giza likiwa limeshaingia. Tulipofika nyumbani Susu alikuwa amelala ule usingizi ambao mtu haamshwi. Tulimbadilishia godoro mimi na Kyalo. Alikata roho kabla ya jua kuchomoza.

Sasa nikueleze kuhusu mazishi, kwa sababu ulikuwa unacheza na watoto wa jirani na hukusikia. Tulikuwa tumeketi na shangazi zangu, na mimi nilikuwa nasimulia. Nilikuwa nimeshasimulia mara nyingi siku hizo, na kila mara ilizidi kuwa tamu. Nikasema, "Mama aliniaga. Mimi ndiye aliyezungumza naye mwisho."

Kyalo alikuwa anapita amebeba viti vya kanisa. Akaviweka chini. Akasema mbele ya wote, "Mwenye gari lisilokunywa ndiye aliyekwama njiani."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha matanga, cha watu waliochoka. Ningeweza kucheka nao. Badala yake nikasema, "Angalau mimi nilikuwa natoka mahali. Wewe umewahi kutoka wapi?"

Nilimwambia hivyo mtu ambaye alikuwa amekaa nyumbani ili mama yetu asikae peke yake. Akavichukua viti vyake akaenda. Tangu hapo, miaka minane, tumekuwa watu wa kusalimiana kwenye harusi na mazishi, na mimi nikawaambia watu, na nikakuambia wewe, kwamba mjomba wako ananionea wivu kwa ajili ya gari.

Mwaka huu ulipoanza mafunzo yako ya kuwatunza wazee, ulikuwa unakuja jikoni kunisimulia mliyofundishwa. Siku moja ulisema mwalimu amewaambia kwamba katika kila familia kuna mtoto anayekuja Jumapili na maua, na kuna mtoto anayebadilisha shuka. Mgonjwa anamchangamkia yule wa maua. Yule wa shuka, ulisema, watu wanamwona kama sehemu ya kitanda. Ukauliza, "Mama, si ni vibaya?" Nikasema ni vibaya, nikageukia sinki nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ilinichukua miezi kumpigia. Nilimpigia juzi, nikiwa nimeegesha pale Mowlem nikisubiri mteja. Alishika baada ya mlio mrefu.

"Ndinda," akasema.

"Kyalo. Mwende anaondoka."

"Nilisikia kwa watu."

"Anaenda kuwatunza wazee."

Nilisikia kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Mwambie atumie magoti anapomgeuza mtu. Asitumie mgongo. Mgongo ndio wa kwanza kuharibika." Nikajua anazungumza habari za mgongo wake.

Nikamwambia, "Kyalo, siku ile ya matanga nilikosea."

"Ile ya kutoka mahali?"

"Hiyo. Na ile ya kusema nilizungumza naye mwisho."

Hapo akavuta pumzi kama alivyovuta siku ile. Akasema, "Hukuzungumza naye mwisho. Neno la mwisho lilikuwa langu. Alisema, 'Kyalo, mkono wako umechoka.' Hakusema jingine tena. Wewe ulisikia. Miaka yote hii nilikuwa nangoja useme ulisikia."

Mwende, nilisikia. Masikio yangu haya yalisikia, na mimi nilidhani ni maneno ya kukata simu. Kyalo alikuwa amemshikia mama ile simu muda wote niliokuwa nalia juu ya kichuguu, mkono wake hewani, akisikiliza mama yake anamuuliza dada yake kama analala. Yeye hakuna aliyemuuliza. Mpaka lile neno.

Nikasema, "Nilisikia. Lilikuwa lako."

Akasema ng'ombe wanamngoja. Lakini hakukata simu. Tulikaa hivyo, yeye na kuku wake, mimi na gari langu limenyamaza, mpaka mteja wangu akagonga kioo.

Hiyo ndiyo habari niliyotaka uende nayo, na sijui nikuambie nini juu yake. Unaenda kubadilisha shuka za mama za watu. Watoto wao watakuja na maua, na watapewa yale maneno mazuri, na pengine wewe ndiye utakayekuwa umeshika simu. Mkono utachoka. Kama kuna mzee atakayekuona, mshukuru. Kama hakuna, nipigie mimi, sitakuuliza umekula nini. Nitakuuliza kama umelala.

Na jambo moja la petroli, kwa sababu siwezi kujizuia. Ulinionyesha kwenye simu yako watu wa huko unakoenda wakilalamika kwamba haibridi zao zinakula zaidi majira ya baridi, injini haizimiki, betri haijai. Nililifikiria sana jambo hilo. Wewe hapa Umoja umekuwa hodari. Umeamka alfajiri, umefaulu mitihani, umecheka ukiwa na njaa. Utafika huko ukitegemea kuwa hodari vile vile, na kuna siku utamalizika saa nne asubuhi, katikati ya kazi, hujui nguvu zimekwenda wapi. Usijione mvivu wala mtu aliyeharibika. Ulichokuwa unajua juu yako ulikipimia hapa, kwa jua hili, na lugha hii, na mimi nikiwa chumba cha pili. Huko ni mlima mwingine. Simama ujaze mapema, hata kama unaona bado unaweza. Mimi nilipita vituo viwili.

Kuhusu mimi usihangaike sana. Hangaika kidogo tu. Nyumba itakuwa kubwa, sitakudanganya. Juzi nilikuwa napika ugali nikajikuta nafikiria sufuria ndogo kuliko hii iko wapi, halafu nikakaa kwenye kile kigoda cha jikoni kwa muda. Nimemwambia jirani yetu wa juu awe anagonga mlango asubuhi akitoka kazini. Amekubali bila kuniuliza sababu.

Kesho nitakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Sitaingia ndani kukusindikiza mpaka kwenye mstari, tafadhali usinisihi. Nitakushusha, nitakukumbatia, nitaondoka kabla hujageuka. Kuna mama mmoja anatua na ndege ya jioni kutoka Kisumu, anakwenda kumtembelea mwanawe huko Kasarani, na nimeshamkubalia kwamba nitamngoja pale pale. Usidhani nakimbilia kazi siku ya kukuaga, mwanangu. Nilimtafuta makusudi, ili nisirudi peke yangu. Nilimwomba akae mbele, kando yangu, akasema mama, mimi naongea sana, nikamwambia njoo uongee.

Mimi ninayebaki,
Mama yako.